Miguu ya Kinanda

Kinanda cha kwaya yetu kilianguka mbele ya jeneza. Sioni namna ya kulieleza jambo hilo kwa upole zaidi, na kwa kuwa miguu iliyokiangusha niliichagua mimi mwenyewe, sina haki ya kulizungukia.

Aliyekuwa akizikwa ni mwalimu mwenzangu, mtu wa hisabati, niliyefundisha naye shule moja kwa miaka 14. Kwao ni kijiji kimoja cha Wilaya ya Serengeti, mbele kidogo ya Mugumu. Sisi tulitoka Tarime alfajiri, tukapita Nyamwaga na Nyamongo, tukavuka Mto Mara kabla jua halijakaza. Vijana wa kwaya walijazana katika gari moja la abiria. Spika, jenereta na kinanda vikafuata juu ya pikipiki mbili. Tangu nilipoweka chaki chini, vijana hao wameniita mlezi wao, na mlezi wa kwaya ndiye anayetumwa kununua vitu.

Kinanda chenyewe tulikipata kwa michango ya misimu miwili: debe la mahindi kwa huyu, ulezi kwa yule, jogoo wa mama mmoja mjane. Kilipofika, fedha ilikuwa imekwisha na miguu ya kukiwekea haijanunuliwa. Nikaingia dukani nikachagua ile iliyokuwa nyepesi kuliko zote na ya bei ya chini kuliko zote: mabomba mawili ya chuma yaliyopishana kwa umbo la herufi X, ambayo vijana huiita miguu ya mkasi. Mtu aliweza kuibeba kwa vidole viwili. Niliporudi nayo nilijisifu mbele ya kamati.

Kule msibani viti vya plastiki vilikuwa vichache, wakapewa wazee, kama ilivyo haki. Binti anayetupigia kinanda akaamua kupiga akiwa amesimama. Tukaipandisha miguu hadi jino la mwisho. Ua ulikuwa na mteremko kidogo kuelekea zizi la ng'ombe. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Katika ubeti wa tatu binti alinyoosha mkono wa kushoto kuzitafuta sauti nzito za mwisho, akabonyeza kwa nguvu kama wimbo ulivyotaka, nikauona upande ule ukizama. Jino likaruka. Mabomba yakafunguka hadi chini, kidole chake kikabanwa katikati, na kinanda kikagonga udongo kwa kishindo ambacho bado nakisikia. Vitufe vinne vilivunjika. Kwaya ilinyamaza. Mjane wa marehemu aliinua uso, akatutazama.

Kimya hakikukaa sana. Pembeni, chini ya mti, alikuwapo mzee mmoja mpiga iritungu aliyekesha pale usiku kucha. Iritungu, ambalo wengine huliita litungu, ni ala ya Wakuria yenye nyuzi nane na bakuli la mti lililowambwa ngozi. Mzee alikuwa ameketi juu ya kigoda kifupi na ala yake ameituliza chini, mbele yake. Hakumtazama mtu. Alianza kupiga taratibu, kina mama wakamwitikia, na mazishi yakaendelea. Baadaye nilipokwenda kumwamkia na kumshukuru, aliniambia neno moja tu: "Mwalimu, chombo chenu mmekipandisha juu mno."

Nilidhani ni fumbo. Ilinichukua wiki tatu kufahamu kwamba alikuwa akinieleza jambo la vipimo.

Tuliporudi Tarime, binti hakuja mazoezini. Nikamfuata kwao. Kidole kilikuwa kimefungwa kitambaa, uso umefungwa kwa kitu kingine kigumu zaidi. "Mwalimu," aliniambia baada ya kuniamkia, "kinanda kitatengenezwa. Ila mimi sitapiga tena. Nimemwaibisha marehemu." Nikamwambia kosa ni la miguu. Akajibu kwamba miguu ile aliipandisha yeye. Nikamwambia, "Mwanangu, niliinunua mimi, na niliinunua kwa sababu ilikuwa rahisi." Akainama, asiseme kitu. Niliondoka nikijua kwamba maneno ya faraja hayatafaa. Kilichotakiwa ni miguu mingine, na safari hii ichaguliwe kwa akili.

Nikaanza na ile ya zamani. Niliifungua sebuleni, nikaipima kwa futikamba ya fundi cherehani, jino baada ya jino. Marehemu angecheka sana kuniona, maana katika miaka yetu 14 nilikuwa nikimtania kwamba Pythagoras hajawahi kumsaidia mtu yeyote kuvuka barabara. Sasa nilikuwa nikimhitaji Pythagoras huyohuyo. Chukua miguu ya mkasi yenye mabomba ya urefu wa mita 1, yaliyopishana katikati. Ukiisimamisha kwa kimo cha sentimita 60, nyayo zake huachana kwa sentimita 80. Ukiipandisha hadi 80, nyayo huachana kwa 60. Ukiifikisha 95, nyayo zimebakiwa na sentimita 31. Na linalotokea chini hutokea juu pia, kwa kuwa mikono inayokibeba kinanda husogeleana kwa kiasi kilekile.

Kinanda cha vitufe 61 ni kirefu. Yamaha PSR-E373, kwa mfano, ina urefu wa sentimita 94.5. Kikilazwa juu ya mikono iliyoachana kwa sentimita 31, zaidi ya sentimita 30 huning'inia hewani kila upande. Anayebonyeza ncha ya kushoto anaubonyeza mzigo usio na wa kuupokea. Tena, katika miguu ya bei ya chini, kinachoyazuia mabomba yasifunguke ni jino moja dogo la chuma. Mteremko wa ua, mkono wa kushoto na kimo cha mwisho vilipokutana, jino lile lilibeba peke yake kazi ambayo halikuumbwa kuibeba. Mzee wa iritungu alikuwa amesema kweli tupu: tulikipandisha juu mno.

Umbo lenyewe halina kosa, wala si geni katika Kiswahili. Nikiwa chuo cha ualimu nililala bweni moja na kijana wa Pangani, na likizo moja alinipeleka kwao. Hapo ndipo nilipoona mbuzi ya kukunia nazi kwa mara ya kwanza: vibao viwili vilivyopishana, vikikunjwa vinakuwa ubao mmoja, vikikunjuliwa vinakuwa kigoda. Nyumba ya pili niliona marfaa, kile kibao cha kukunja ambacho juu yake huwekwa Msahafu. Vyote viwili ni mikasi. Vyote viwili havianguki, kwa kuwa viko chini na vimetanua nyayo. Tena mbuzi hukaliwa na mkunaji mwenyewe, akawa mzigo na nanga kwa wakati mmoja. Fundi wa kale aliijua siri ya umbo hilo: ukitaka likubebee, liache lipanuke.

Nikaanza safari za madukani. Tarime niliona aina mbili, Sirari mpakani aina moja, na Mwanza nikaona nyingi kuliko nilivyotegemea. Ninaandika niliyojifunza kwa ajili ya mwenzangu atakayetumwa na kwaya yake kama nilivyotumwa mimi.

Ipo miguu ya mkasi maradufu, yenye mabomba mawili kila upande badala ya moja. Uzito wake unazidi, lakini haiyumbi ovyo, na iliyo bora hufungwa kwa pini inayopenya tundu hadi upande wa pili badala ya kutegemea jino. Ipo ya umbo la herufi Z, ambayo humwachia mpigaji nafasi ya magoti na husimama imara. Ubaya wake ni kwamba hukunjika kwa shida, na juu ya pikipiki hugeuka kuwa mbuzi asiyetaka kwenda mnadani. Ipo iliyo kama meza, yenye miguu minne. Hiyo ni tulivu kuliko zote juu ya sakafu ya saruji, lakini katika ua wa udongo mguu mmoja kati ya minne haukosi kubaki hewani. Mama zetu walilijua jambo hilo kabla ya maduka: mafiga ni matatu. Mawe matatu hukaa popote, hata pasipo sawa. Jiwe la nne huleta ugomvi. Tunasema jifya moja haliinjiki chungu, na mtu wa hisabati angeongeza kwamba manne nayo yana matata yake.

Fundi mmoja wa kuchomelea pale Tarime alijitolea kunitengenezea miguu ya mabomba ya mraba, na akaniapia kwamba ng'ombe angeweza kuipanda. Niliinua kipande cha bomba lake kwa mkono mmoja, nikaelewa kwamba anayoyasema ni kweli na kwamba ukweli huo haunifai. Kinanda cha aina niliyoitaja kina uzito wa kilo 4.6. Piano ya umeme ya vitufe 88, kama Yamaha P-45, ina kilo 11.5, nayo ingehalalisha chuma kizito zaidi. Kwa chombo chetu, miguu ya fundi ingekuwa mizito mara tatu kuliko kinachobebwa, na kwaya yetu husafiri. Leo tuko Tarime mjini, kesho Nyamwaga, keshokutwa ng'ambo ya Mara. Kitu imara kisichofika msibani hakina tofauti na kitu dhaifu kilichofika kikaanguka.

Hapo ndipo ugumu wote ulipo. Uimara huomba chuma, wepesi huomba hewa, na mnunuzi hana budi kusuluhisha. Kosa langu la kwanza lilikuwa kumsikiliza mmoja wao tu.

Mwishowe nilichukua mkasi maradufu wenye pini. Kabla ya kulipa nilimwomba muuzaji wa Mwanza anikubalie mambo matatu, naye akakubali, ingawa kwa uso wa mtu aliyechoka na wastaafu. Niliisimamisha miguu kwa kimo cha mpigaji aliyeketi. Nikaisukuma kwa ubavu, kwa kuwa miguu mingi hustahimili uzito wa kutoka juu lakini hushindwa na wa kutoka ubavuni. Kisha nikaegemeza kiwiko kwenye ncha ya kinanda cha dukani, pale ambapo mkono wa kushoto huishia, nikangoja. Aina mbili za awali ziliinama. Hii haikuinama.

Niliporudi Tarime nilimpelekea yule fundi wa kuchomelea, kwa kuwa sikupenda aondoke mikono mitupu. Akatoboa nyayo, akaunganisha mbili za kila upande kwa mnyororo mwembamba wa sentimita 80. Sasa hata pini ikivunjika, mabomba hayawezi kutanuka kupita hapo. Vijana wakakata vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, vilevile vinavyofunga magunia ya mkaa, ili kukifunga kinanda kwenye mikono ya miguu. Kamati nayo ikapitisha sheria ambayo gharama yake ni kiti kimoja cha plastiki: popote tuendapo, mpiga kinanda huketi, na kiti chake tunakwenda nacho.

Nimesema "miguu" tangu mwanzo, nami najua msomaji wa lugha amekwisha kuuliza: kwa nini si stendi? Madukani ndilo neno lenyewe, nami sina ugomvi nalo, ila kwetu stendi ni mahali pa mabasi. Siku niliyomwambia kijana wa bodaboda, "Nipeleke kwenye stendi ya kinanda," aliniuliza kama ni ile mpya au ya zamani. Nikatafuta neno jingine. Watu wa pwani wana tendegu, mguu wa kitanda, na matendegu ya kinanda yanasikika vizuri sikioni. Wana hiyo marfaa, lakini ina heshima yake ya kitabu kitakatifu, na sikuona vema kuitoa hapo. Kiegemeo ni cha kuegemea. Mhimili ni mkubwa mno, huo ni wa dola au wa nyumba.

Kutafuta jina la miguu kukanirudisha kwenye jina la chombo chenyewe. Leo ukisema kinanda, watu huona vitufe vyeupe na vyeusi. Lakini katika kamusi ya Krapf, iliyotoka mwaka 1882, kinanda ni ala ya nyuzi, na katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 neno hilo limekwisha kutanua mikono yake hadi kuzipokea ala za kigeni za vitufe. Maana yake ni kwamba kile alichokuwa nacho mzee chini ya mti, kwa Kiswahili cha zamani, kina haki ya kuitwa kinanda kuliko hiki chetu. Siku ile kulikuwa na vinanda viwili uani. Kimoja kilianguka, kingine kikaendelea. Kilichoendelea hakikuhitaji miguu, kwa kuwa kiliwekwa chini na mpigaji wake akakishukia.

Nimekuwa nikilifikiria hilo kila ninapoketi na vijana wanaojifunza kutunga. Kwa muda mrefu nilifundisha vina na mizani kama sheria, na kitabu changu kilikuwa kile cha Kaluta Amri Abedi cha mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Wanafunzi waliniuliza kwa nini mshororo uwe na mizani 16, nane kwa nane, nami nikawajibu kwamba ndivyo ilivyo. Lilikuwa jibu la mwalimu aliyechoka. Leo ningewajibu kwamba mizani na vina ni miguu ya kukunja. Mwana Kupona alimtungia binti yake utenzi mwaka 1858, na watu wameubeba vichwani kutoka kizazi hadi kizazi. Mshororo wa mizani nane ni mwepesi kuuchukua, na kina cha mwisho ni pini inayozuia neno lisichomoke njiani. Ni mwepesi na ni imara, na suluhu hiyo haikupatikana kwa siku moja.

Sisemi kwamba shairi lisilo na vina haliwezi kusimama. Yapo yanayosimama, nami nimeyasoma kwa furaha. Ninachomwuliza mtunzi sasa ni kile ambacho sikumwuliza muuzaji wa kwanza: litasimama juu ya uwanja gani, na nani atalibeba hadi huko? La kusomwa kimya chumbani lina sakafu ya saruji. La kusemwa msibani, mbele ya mjane, juu ya udongo wenye mteremko, linataka kutanua nyayo.

Binti alirudi taratibu. Kwanza alikuja kuitazama tu miguu mipya. Akauvuta mnyororo, akaichomoa pini na kuirudisha, akaikunja na kuikunjua mara nne au tano bila kusema neno. Wiki iliyofuata alikuja akaketi, akapiga kwa mkono wa kulia peke yake. Sikumhimiza. Jina la kifaa pia alilimaliza yeye: alipotaka kianze kufungwa alimwambia kijana, "Lete miguu," na matendegu yangu yakaishia hapo.

Mwaka ulipotimia, familia ya marehemu ilituita tena kwa kumbukumbu. Tulipita njia ileile, Nyamwaga, Nyamongo, tukavuka Mara, miguu imelazwa juu ya pikipiki na kiti cha plastiki kimefungwa juu yake. Tulifika mapema. Binti alichagua mahali mwenyewe, mbali na mteremko, akakita nyayo, akakaza mipira, akaketi. Nikawa nimesimama nyuma yake kama mtu anayemfundisha mtoto kuendesha baiskeli.

Mzee wa iritungu alikuwapo. Aliinuka kwenye kigoda chake, akaja polepole hadi tulipo. Nikamwamkia. Aliitikia, kisha akaweka kiganja kwenye ncha ya kinanda, ile ya kushoto, akakandamiza. Akangoja kidogo, akakandamiza tena kwa nguvu zaidi. Halafu akamtazama binti, akatikisa kichwa kama anayekubali, na kurudi kuketi.

Binti akanyoosha mkono wa kushoto, akaanza.